Watu waliofichwa wanahesabikaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma takwimu mwaka wa tatu hapa Dodoma. Nimeona kwamba Uingereza ilikadiria idadi ya waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu. Mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba anahesabiwaje? Na kama hesabu ipo, maafisa ustawi wa jamii na wanasheria wanatafuta nini kwenye timu zinazofanya hesabu hiyo?

JIBU: Marahaba. Makadirio hayo ni ya Bernard Silverman, mwanatakwimu aliyekuwa mshauri mkuu wa sayansi wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Mwaka 2013 walijulikana watu 2,744 waliodhaniwa kuwa waathirika. Yeye, katika taarifa yake ya 2014, akasema huenda ni kati ya 10,000 na 13,000.

Mbinu ni ileile ya wataalamu wa samaki: vua, tia alama, rudisha majini, vua tena, angalia wangapi wana alama. Kwa binadamu tunalinganisha orodha. Tuseme polisi wana watu 60, nyumba salama, zinazohifadhi manusura, zina 40, na 8 wamo kotekote. Polisi wamewaona 8 kati ya 40, yaani moja ya tano, basi 60 wao tunawachukulia kuwa moja ya tano ya wote. 60 mara 40, gawanya kwa 8, unapata 300. Walioandikwa ni 92 tu, maana yake 208 hawamo popote.

Sasa muulize afisa ustawi. Atakuambia nyumba salama hupokea watu wanaoletwa na polisi haohao, wakati hesabu yako inadai orodha zisitegemeane. Waliomo kotekote wakifika 20 kwa sababu hiyo, jibu linaporomoka hadi 120, na fomula haitakulalamikia. Silverman alitumia orodha za polisi, halmashauri, mashirika yasiyo ya kiserikali na nyinginezo, kwa kuwa zikifika tatu au zaidi unaweza kuuingiza utegemezi huo kwenye modeli. Hata hivyo wapo wanatakwimu walioyapinga makadirio yale, na mimi sidhani hoja zao ni za kupuuzwa: waliomo kwenye orodha zaidi ya moja huwa wachache mno.

Mwanasheria naye anaamua nani aingie kwenye orodha. Binti wa miaka 15 aliyetolewa kijijini ili akanyonywe kwa kazi za ndani, polisi wanaweza kumwandika mtoro. Itifaki ya Palermo ya 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, haidai uthibitishe kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 alilazimishwa au alidanganywa. Huyo ni mwathirika, hata kama alipanda basi akicheka.

Halafu kuna majina, na hapa vijana wa kompyuta huteleza sana. Kwa usalama wa manusura, jina hugeuzwa kuwa namba ya siri kabla ya kutoka ofisini. Lakini Mariam wa polisi na Mariamu wa nyumba salama, wakigeuzwa hivyohivyo, wanakuwa watu wawili. Waliomo kotekote wanapungua na makadirio yanavimba. Sawazisha tahajia kwanza, ongeza mwaka wa kuzaliwa na wilaya anakotoka, ndipo ugeuze.