Tezi dume, jeni na chupa ya mzee wa Sahare

*Shikamoo daktari. Nina tezi dume. Tiba ya jeni itanifaa? (Ngamiani)*

Marahaba. Kila mwanamume ana tezi dume. Ni kiungo, kama figo. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Tezi hutanuka kwa umri tu, au hupata saratani, na matibabu yake hayafanani. Kapime kwanza ujue lako ni lipi.

*Hiyo tiba ya jeni inafanyaje kazi? (Chumbageni)*

Kirusi cha mafua hulemazwa kisizaliane, kikabebeshwa jeni (maelekezo ya urithi yanayoiongoza seli), kisha kikadungwa ndani ya tezi. Jeni hiyo huzifanya seli zitengeneze kimeng'enya. Mgonjwa akimeza vidonge vya kutibu herpesi, kimeng'enya hugeuza dawa kuwa sumu humo humo kwenye seli. Huambatana na mionzi, na bado iko kwenye majaribio. Msiichanganye na olaparib, vidonge vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa na kukaidi dawa za homoni, kwa wenye hitilafu kwenye jeni kama BRCA2. Hivyo havibadilishi jeni.

Nalisema kwa uchungu. Mzee mmoja wa Sahare aliniletea chupa ya maji ya nusu lita, ndani kimiminika cha kahawia, karatasi imebandikwa kwa selotepu: "Tiba ya Jeni." Aliuza mbuzi wawili kuinunua. Alipofika kwangu hawezi kuinama kuvua viatu. Saratani ilishaingia mifupani. Anayekuuzia jeni kwenye chupa ni mwizi. Mkatalieni.

*Baiskeli zetu hizi za Tanga zinaleta saratani? (Makorora)*

Hapana. Ila siku 2 kabla ya kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ipumzishe, na tendo la ndoa pia, majibu yasije yakapanda bure.

*Kupimwa tezi kwa kidole njia ya haja kubwa ni lazima?*

Tunaanza na damu. Daktari akikihitaji, kubali, hakimalizi dakika.

*Baba ni mzima, ila mama na dada yake walifariki kwa saratani ya matiti. Nina miaka 43. Inanihusu? (Pongwe)*

Sana, na wengi hawaulizi. Jeni mbovu ya BRCA2 huleta hatari ya saratani ya matiti na ya tezi dume pia, na mama humrithisha hata mtoto wa kiume. Ukifika hospitali, eleza habari za upande wa mama, usiishie kwa baba. Kapime mwezi huu, usingoje mkojo ukatike, maana saratani changa haiumi. Na dada zako, kama unao, nenda nao wakapimwe matiti.