Kabla hujalipia mbao pana za sakafu, nisikilize

Juzi dada mmoja kaniandikia. Anajenga Kigamboni, kafika hatua ya sakafu, na moyo wake uko kwenye mbao pana za inchi 8 alizoziona kwenye picha. Nimejiona mimi mwenyewe wa miaka minne iliyopita.

Mimi nilinunua mninga wa Tabora, mwekundu, mzuri kupita maelezo. Fundi akaupigilia juu ya zege la wiki tatu, ukuta hadi ukuta. Wageni walikuwa wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Masika ikaingia. Alfajiri moja natoka kuswali, kidole kikajikwaa sebuleni. Kingo za kila ubao zilikuwa zimeinuka, katikati pamebonyea. Goroli ya mwanangu ilishika mfereji mmoja ikabingirika mpaka ukutani. Wifi yangu akasema mbele ya watu, "Si ungeweka marumaru tu kama wenzako?" Neno lile bado linaniuma.

Kosa halikuwa la mninga. Mninga ni mbao tulivu, hausinyai wala haufuri ovyo. Lakini ubao wowote ukinyonya unyevu hutanuka kwenda upana, na ubao wa inchi 8 hutanuka mara mbili ya ule wa inchi 4. Zege langu lilikuwa bado bichi, linapandisha maji kwa chini, na mbao hazikuachiwa hata upenyo wa kupumulia.

Nilibomoa yote. Safari hii nikamtafuta mzee mmoja seremala kutoka Tanga, tukapanga vipande vya inchi 3, tukaacha sentimita moja kando ya kuta zote, skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, ikaficha. Masika tatu zimepita. Nimepitisha kiganja jana, hakuna hata kingo moja iliyoinuka, na ninajivunia sakafu ile kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa pwani, chagueni vipande vyembamba. Ukipenda nakshi, vipange kama mifupa ya samaki, ila ununue mbao za ziada, maana pembeni hukatwa sana. Kataa ubao wenye ukingo mweupe, huo ndio mlo wa bungua. Vanishi iwe isiyong'aa, kwa sababu mchanga wetu unachora na vanishi ya kung'aa inaonyesha kila mchoro. Na usikubali fundi akuharakishe! Nyumba ni yako, jasho ni lako, atakayeishi na mikunjo ile ni wewe.

Dada wa Kigamboni, usiku wa leo tandika kipande cha nailoni juu ya zege lako, bandika kingo zote kwa utepe wa gundi, ulale. Asubuhi kifunue, kisha niandikie kama umekuta matone chini yake, maana hapo zege bado ni bichi.