Kuwekeza kwenye kiwanda cha fataki China: jibu kwa mdau aliyeuliza

Mkuu, umesema jamaa yako wa Liuyang, mji wa viwanda vya fataki jimboni Hunan, anataka uingize pesa kwenye kiwanda cha fataki upewe hisa, kwa kuwa dunia nzima inanunua China. Soko kweli lipo. Mimi nilisoma Changsha, na baada ya chuo nikafanya ukalimani na udalali kwa wafanyabiashara wanaofuata mizigo Hunan, hivyo Liuyang nimeingia sana. Hisa za kiwanda achana nazo.

Ukifika utaelewa. Kiwanda cha fataki ni vibanda vidogo vilivyotawanywa mlimani, katikati yake kuta za udongo, ili kimoja kikilipuka kisiondoke na vingine. Kwenye kila mlango pana kibao: watu wasizidi wangapi, baruti isizidi kiasi gani. Simu unaacha getini, nguo za nailoni hazitakiwi, na kabla ya kuingia unagusa tufe la chuma umeme ulioganda mwilini uishie ardhini.

Sasa kitazame kile kibao kama mwenye mtaji. Oda zikifurika huwezi kuongeza watu na kufyatua mzigo zaidi. Mwenye tamaa anapita kiwango, na hapo ndipo watu wanapokufa. Desemba 2019 kiwanda kimoja cha Liuyang kililipuka. Kwanza zikatangazwa maiti 7, baadaye ikabainika ni 13 na kwamba maofisa wa pale walificha idadi. Viwanda vyote vya Liuyang vikasimamishwa vikaguliwe. Yaani wewe unafuata sheria, jirani anavunja, na mnafungiwa wote. Kwangu hilo peke yake linatosha kukataa.

Wakati wa joto kali kazi husimama pia, kwa sababu baruti na jua haviendani. Mteja wa Marekani naye anataka mzigo kabla ya Julai 4, sikukuu yao ya uhuru. Ukichelewa, mzigo unalala stoo mpaka mwaka unaofuata na pesa yako imelala humo humo. Na usafiri ni kazi. Meli nyingi hazitaki fataki, na tangu maghala ya Sanshui, Guangdong, yalipolipuka Februari 2008, njia ya bandari za huko ilibana sana.

Soko la ndani nalo linategemea serikali imeamkaje. Beijing walipiga marufuku 1993, wakalegeza 2005, na 2018 wakafunga tena eneo lote lililo ndani ya barabara ya tano ya mzunguko. Kampuni ya Panda, iliyokuwa kwenye soko la hisa la Shanghai kwa biashara ya fataki, ilihamia mambo ya fedha. Wenyeji wenyewe hao.

Kama bado moyo unataka, gharamia oda moja ya mnunuzi anayejulikana, kwa mkataba, ulipwe mzigo ukishapakiwa. Hapo pesa inazunguka na kurudi. Kabla ya kutuma hata senti, omba leseni ya usalama wa uzalishaji uone inaisha lini, bima ya wafanyakazi, na jina la mwenye oda. Mara nyingi oda ni za kampuni ya kusafirisha nje, kiwanda kinafanyishwa kazi tu, na faida nono inabaki kwa hao wenye oda. Muulize jamaa yako yeye ni nani kati ya hao wawili, mwenye oda au mwenye kiwanda.