Kubadilika sio kuwa feki

Mkuu umeuliza kama wewe ni feki kwa sababu tangu upate marafiki wapya na kuzama kwenye muvi na vitabu, mambo mengi uliyokuwa unayaamini huyaamini tena. Mi naona hapana, ila kuna kitu cha kuangalia.

Stori nzuri ikishakubeba unaacha kubisha, unamuonea huruma mtu ambaye mkikutana njiani ungempita tu, na ukimaliza kichwa kishahama kidogo bila wewe kujua. Sio mbaya hiyo. Malcolm X, yule mwanaharakati wa haki za Weusi Marekani, akiwa jela alikaa akanakili dikshenari kwa mkono, akasoma vitabu kibao, akatoka mtu mwingine kabisa na hakuna anayemwita feki.

Sasa marafiki ndo shughuli. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa watu mistari iliyochorwa waseme upi unalingana na upi kwa urefu, kitu cha wazi kabisa, lakini wenzao waliopangwa na Asch kwa siri wakijibu uongo kwa pamoja, wengi nao walifuata angalau mara moja, ila akiwepo hata mmoja tu wa kusema ukweli basi kufuata mkumbo kulipungua sana. Kwa hiyo jiulize, ukiwa peke yako chumbani bado unaamini hicho kitu au mpaka washkaji wawepo? Kama ni mpaka wawepo, hapo hujabadilika, unawaridhisha tu (nimewahi kuwa hivyo, inachosha balaa). Na yule rafiki wa zamani anayekubishiaga kila kitu usimtupe, mtafute hata wiki hii.