Anatoka Vizuri Kwenye Picha

Meseji iliingia Desemba, wiki mbili baada ya mahafali, mimi nimejinyoosha kwenye kochi nasikilizia likizo. Ilikuwa ya sauti, dakika nne na ushee. Mwalimu mwenzangu, mzazi akikutumia sauti ya dakika nne wakati shule zimefungwa, ujue hakutafuta akushukuru.

Mama huyu ana pacha wa kike. Nitawaita Kulwa na Doto, maana huku kwetu Kanda ya Ziwa pacha wote ni Kulwa na Doto, hata ukiwatafuta hutawapata. Ni pacha wasiofanana. Kulwa mweusi kama baba yake, Doto maji ya kunde kama mama. Wote nimewafundisha mimi darasa la awali, kwenye shule ya binafsi hapa Mwanza ambayo sitaitaja. Siku ya mahafali nilimchagua Doto ampe mgeni rasmi maua. Kulwa nikamweka kwenye kwaya, mstari wa nyuma.

Sasa mama ana duka, na nyuma ya duka kuna kreti za soda. Watoto walikuwa wanacheza shule. Kulwa ndiye ticha, wanafunzi ni chupa tupu, kazipanga mistari vilevile ninavyowapanga wao asubuhi. Mama yuko dukani anapima sukari, akamsikia: "Fanta, njoo mbele, wewe utampa mgeni maua. Nyie Koka rudini nyuma mkaimbe." Doto akauliza kwa nini Koka naye asipeleke maua. Kulwa akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake: "Koka hatoki kwenye picha."

"Ticha," mama akamalizia, "hayo ya picha mwanangu kayaokota wapi? Maana mimi nakumbuka uliniambia mwenyewe pale getini, Doto anatoka vizuri kwenye picha."

Nilikasirika, sitaki kuwadanganya. Nina miaka 14 kwenye kazi hii. Watoto niliowashika mkono kuandika "a" wengine wameshamaliza kidato cha nne, na wakinikuta sokoni wananipokea mzigo. Halafu mimi mwenyewe ni mweusi tii! Utotoni Nansio, kisiwani Ukerewe, waliniita Cheusi, na mpaka leo kuna mashangazi hawajui jina langu la ubatizo. Mtu mweusi atambaguaje mtoto mweusi? Niliandika majibu matatu nikayafuta. Mwishowe nikaona dawa ni kumkomesha kwa ushahidi: nikafungua picha za mahafali yote niliyo nayo kwenye simu na kwenye kompyuta, 2017 mpaka 2024, nimtumie aone navyochagua kwa haki.

Mahafali manane. Watoto wanane wa maua. Saba ni weupe au maji ya kunde, nywele zimelala. Wa nane ni mweusi, na baba yake ndiye aliyetoa maturubai na muziki mwaka ule.

Nikazidi kuangalia, na bora ningeacha. Kila mwaka tunacheza igizo la sungura na fisi. Sungura wangu wote ni watoto wanaoletwa na gari. Fisi wangu wote ni watoto wa kiume wanaoshuka kwa miguu kutoka kule juu kwenye mawe. Wanaoijua Mwanza wananielewa: wenye nyumba za juu mlimani ambako gari halipandi ndio wenye kipato kidogo. Kila mwaka nimewavalisha gunia nikawafundisha kuchekesha watu kwa ulafi. Watu wamecheka, nami nimepigiwa makofi.

Sikulala vizuri siku ile, na kilichoninyima usingizi hakikuwa yule mama. Nilikumbuka mwaka 1990, chekechea ya parokia. Tulikuwa tunategemea mgeni mkubwa, na sisters walitaka mtoto mmoja wa kumpokea kwa maua. Mimi ndiye niliyekuwa najua maneno yote. "Karibu sana mgeni wetu mpendwa, sisi watoto wako tunafurahi..." Hadi leo nayajua. Nilikuwa nayasema nikichota maji ziwani, nikilala, nikiwa chooni. Mpiga picha alikuja na meli kutoka Mwanza siku moja kabla. Mwalimu akatupanga, akaniangalia, akamwangalia mpiga picha, akasema kwa upole kabisa: "Huyu atapotea kwenye picha." Akamchagua mwingine. Mtoto yule alisahau maneno katikati, nami nikayasema nikiwa nyuma kwa sauti, ikabidi anyamaze mpaka nimalize. Nilichapwa. Siku hizi nikilisimulia watu hucheka, nami hucheka nao, lakini yule mwalimu nikikutana naye leo sijui kama nitamwamkia.

Miaka thelathini na kitu baadaye nimesimama getini na maneno yaleyale mdomoni.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu tusikilizane. Tukisikia neno ubaguzi tunawaza Makaburu. Tunawaza mtu mwenye chuki. Mimi simchukii Kulwa, nampenda kuliko dada yake ukitaka ukweli, ana akili kali. Ubaguzi wa darasa la awali hauhitaji chuki, unahitaji mwalimu aliyechoka na wageni wanaokuja. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Mimi nina 38, na walimu wa shule za serikali wakisoma hapa watanicheka kwa kulalamikia 38. Katika umati ule jicho linachagua kabla wewe hujachagua, na linachagua lilivyofundishwa. Langu lilifundishwa Nansio.

Chuoni tulisoma habari za Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani. Miaka ya 1940 waliwaonyesha watoto wadogo wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana na wewe. Watoto weusi wengi walimtaja mweupe kuwa ndiye mzuri. Kazi yao ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi iliyopiga marufuku shule za kibaguzi mwaka 1954. Niliijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote, nikaona ni mambo ya Wazungu na watu weusi wa kule. Kumbe nyuma ya duka hapa Mwanza mtoto anafanya jaribio lilelile kwa chupa za soda, na hakuna Mzungu hata mmoja hapo. Mitaani tunataniana uso Fanta miguu Koka, tunamcheka mwenye mkorogo, tunasahau kwamba watoto wako chini ya meza wanasikia.

Na ngoja niseme lingine, maana nikianza kutubu nitubu lote. Mwaka 2019 nilipokea mtoto mwenye ualbino. Mimi ni wa Ukerewe, kisiwa ambacho watu wenye ualbino ni wengi. Nimecheza nao rede, nimekula nao. Nikajiona mtaalamu. Nikamweka karibu na dirisha ili apate mwanga. Miezi mingi mtoto akawa anainamisha kichwa, anakunja uso, hatazami ubao. Kwenye ripoti nikaandika "hazingatii". Mama yake alikuwa akimleta kwa mkono na kumchukua kwa mkono kila siku, hakumwamini bodaboda wala jirani, na kwa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotokea kanda hii hakuna wa kumlaumu. Kuna watoto waliohamishwa makwao wakaishi bweni Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga kwa sababu ya hofu hiyo. Huyu mama yeye alikataa kumtoa mwanawe nyumbani, akamleta kwangu. Mimi nikamweka juani.

Daktari wa macho ndiye aliyenifundisha, kupitia kwa mama: jicho lenye ualbino linakosa rangi ya kuzuia mwanga, kwa hiyo mwanga mkali unaliumiza. Mtoto akae mbele karibu na ubao, dirisha liwe mgongoni kwake, aruhusiwe kofia hata darasani, na maandishi yawe makubwa na meusi. Macho yakimchezacheza usimwambie atulie, hayamtii. Nilimhamishia mbele Septemba. Oktoba akaanza kusoma silabi. Na kwenye zile picha nane nilimtafuta pia. Weupe ninaoupenda una mpaka wake: mtoto aliyekuwa mweupe kuliko wote hakuwahi kushika maua.

Haya, mnaniuliza tufanye nini. Kuna msomaji aliniandikia anataka "hatua tano". Sina tano. Nina vizibo.

Kila mwalimu wa awali ana vizibo vya soda vya kuhesabia. Chukua vya kutosha darasa lako, ndani ya kila kimoja bandika jina la mtoto. Weka kwenye kopo. Nani anabeba bendera, nani anaongoza wimbo, nani anagawa uji, nani fisi, nani sungura: chomoa. Kizibo kilichotoka kinaingia kopo la pili, hakirudi mpaka la kwanza liishe. Usichungulie. Nakwambia usichungulie kwa sababu mimi nimechungulia. Wiki ya kwanza ya Januari nilichomoa mtoto mwenye kamasi ambaye hawezi kusema "s", mkono ukataka kurudisha. Aliongoza wimbo. Ulikuwa wimbo mbaya sana, na hakuna aliyekufa.

La pili ni rangi. Ile kalamu ya pinki iliyopauka ambayo wote tunaiita "rangi ya mwili", acheni kuiita hivyo. Ni mwili wa nani? Nilikuwa nawaambia watoto 38 weusi wapake mtu rangi ya mwili, nao wanapaka pinki. Sasa tunapaka kwa majani ya chai yaliyochemshwa, mkaa uliosagwa na udongo wa kichuguu. Kila mtoto anaweka mkono wake juu ya karatasi anatafuta mchanganyiko wake. Darasa linachafuka vibaya, dada wa usafi amenuna tangu Februari.

La tatu ni mdomo wangu. Darasani nina watoto wa Kikurya na Kijita, wengine wamekuja Mwanza mwaka huu, "l" na "r" kwao ni ndugu. Mtoto akisema "mama kapika wari" tulikuwa tunampeleka ofisini, "hebu sema tena", walimu wacheke na chai. Tuliita utani. Mtoto wa miaka mitano hajui utani wa makabila, anachojua ni kwamba akifungua mdomo watu wazima wanacheka. Wapo walioacha kuongea darasani hadi Juni nikaandika "mpole". Jamani, kabla hujaandika mpole jiulize nani alimpoza. Kabla hujaandika mzito jiulize unamsemesha kwa lugha gani. Kabla hujaandika chochote kwenye ripoti ya mtoto, jiulize!

Najua nimeanza kuhubiri. Mume wangu ananiambia blogu hii imekuwa kanisa. Lakini nani atatuambia? Wazazi wenyewe ndio hao. Nilipotangaza kwenye kikao cha Februari kwamba mahafali ya mwaka huu mtoto wa maua atatoka kwenye kopo, baba mmoja alisimama akasema yeye analipa ada kamili na kwa wakati, na mwanawe ameshashonewa gauni. Februari! Mwingine akasema tunaleta siasa kwa watoto. Uongozi ukaniita kuniuliza kama siwezi kuacha "angalau hilo la mgeni rasmi" liende kama zamani, maana picha hizo ndizo zinazobandikwa kwenye tangazo la kuandikisha watoto. Nikasema sawa, basi bandikeni picha ya kopo. Hawakucheka. Bado sijui itakuwaje Novemba, ila kopo liko mezani kwangu na vizibo nimevihesabu.

Yule mama nilimjibu baada ya siku tatu, kwa sauti pia, dakika mbili. Nilimwambia kosa ni langu, sikuweka "lakini" popote, ingawa zilinijia kama sita. Tiki mbili za bluu. Kesho yake akaandika, "Sawa Ticha." Pacha wameingia darasa la kwanza shule nyingine, karibu zaidi na kwao, ndivyo alivyoniambia, na sikuuliza zaidi.

Wiki iliyopita nilipita dukani kwake. Nilijidai nimefuata vocha. Kulwa alikuwa amekaa juu ya kreti na sare mpya, anafanya hesabu za kazi ya nyumbani, mguu unaning'inia. Akashuka, "Shikamoo Ticha," akaniletea kigoda kama mtu mzima. Kisha akafungua friji, akageuka, akaniuliza kwa adabu zote:

"Ticha, unakunywa nini? Fanta au Koka?"

Nilichelewa kujibu mpaka mama yake akaangua kicheko kule ndani.

"Koka," nikasema. "Baridi."

Akanifungulia, kizibo akakiweka mfukoni.