Muulize Mwalimu: Uzamivu wa isimu nje ya nchi, niombe chuo gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha Mtwara, kwetu ni Newala. Nina uzamili wa isimu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwajiri amekubali kunipa likizo ya masomo endapo nitajitafutia ufadhili. Nataka kuandika tasnifu kuhusu Kimakonde, hasa jinsi kitenzi kinavyoungana kimatamshi na neno linalokifuata. Nimechukua orodha ya vyuo bora duniani kwa isimu nikanakili kumi vya juu ili niombe kimoja baada ya kingine. Mke wangu ana wasiwasi kuhusu watoto wetu wawili, bado wadogo. Kati ya Marekani, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani, unanishauri wapi? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mada. Umeniambia lugha na umeniambia jambo unalolitafuta ndani ya lugha hiyo. Barua nyingi ninazopata zinaishia kwenye "nataka kusoma isimu nje", na hapo siwezi kumsaidia mtu.

Hiyo orodha ya vyuo kumi iweke kando. Orodha hizo hupangwa kwa sifa ya chuo miongoni mwa wasomi walioulizwa maoni, kwa maoni ya waajiri, kwa wingi wa machapisho yanayonukuliwa. MIT hukaa juu, na ni idara ya heshima kweli. Lakini hakuna safu hata moja katika orodha inayojibu swali lako wewe: ni nani pale atakayevaa vipokea sauti masikioni, asikilize rekodi yako ya bibi wa Newala, akuambie kwamba toni (kupanda na kushuka kwa sauti ya silabi) uliyoiandika juu iko chini?

Anza na waliokwisha kuandika juu ya Kimakonde, kisha uulize waliandikia wapi. Kwa bahati lugha yako imefanyiwa kazi nzuri. David Odden alichapisha kuhusu toni za Chimaraba, lahaja ya Kimakonde, mwaka 1990. Marcelino Liphola, akishughulikia Kimakonde cha Msumbiji, alimaliza uzamivu Ohio State, mjini Columbus, Marekani, mwaka 2001, chuo alichokuwa akifundisha Odden huyohuyo. Sophie Manus, mtafiti wa Lyon, Ufaransa, aliandika tasnifu mwaka 2003 juu ya Kimakonde kinachozungumzwa Zanzibar. Peter Kraal akatoa sarufi ya Chinnima, lahaja nyingine ya Kimakonde, mwaka 2005, Leiden, Uholanzi. Michael Leach naye akaandika juu ya toni za Kimakonde cha uwanda wa juu, mwaka 2010, Leiden tena. Tayari una ramani: Columbus, Lyon, Leiden. Hakuna orodha ya ubora duniani ambayo ingekupa miji hiyo mitatu.

Sasa ichuje. Odden amestaafu. Jina lililo kwenye shukrani za tasnifu ya mwaka 2001 si lazima liwe bado kwenye mlango wa ofisi, na wengi wanaomba chuo kwa ajili ya profesa aliyekwisha kuaga. Hata Berkeley, ambako Larry Hyman alijenga jina kubwa katika toni za Kibantu, yeye mwenyewe amestaafu, kwa hiyo tazama nani yupo leo. Lyon wapo watu wenye sikio la toni kwelikweli, katika maabara iitwayo Dynamique du Langage, ila jiulize Kifaransa chako kikoje. Leiden yupo Jenneke van der Wal, aliyeandika tasnifu yake hapohapo mwaka 2009 kuhusu Kimakhuwa, jirani kabisa wa Kimakonde, na ambaye ameendelea na suala la mpangilio wa maneno na msisitizo katika lugha za Kibantu. Hebu litazame jambo lako: katika Kimakonde silabi ya pili kutoka mwisho hurefuka, lakini kitenzi kikifungamana na neno linalofuata, urefu huo unahama kwenye kitenzi na kwenda kukaa kwenye neno la mwisho. Msikilizaji anajua kwa sikio tu kwamba maneno mawili yamekuwa fungu moja. Kimakhuwa nacho kina vitenzi vya namna mbili, kinachofungamana na kisichofungamana. Mtu kama huyo hutapoteza mwaka mzima kumweleza ngeli ni nini.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona. Rafiki yangu mmoja alikwenda chuo chenye jina kubwa, sitakitaja, akapangiwa msimamizi mwerevu sana ambaye maisha yake yote yalikuwa kwenye sentensi za Kiingereza. Mwaka wa kwanza ulikwisha rafiki yangu akiwa mwalimu wa msimamizi wake. Mwaka wa pili msimamizi akahamia nchi nyingine, na idara haikuwa na mtu wa pili anayegusa Kibantu. Alimaliza, kwa machozi, na tasnifu iliyokuja kuwa ya mada nyingine kabisa. Kwa hiyo usitafute mtu mmoja tu. Tafuta mahali penye angalau wawili, na wanafunzi wengine wanaofanya lugha za Kiafrika, wa kukaa nao chakula cha mchana na kubishana juu ya data. Mimi nilisomea Leiden, na mambo niliyojifunza kwa wenzangu wa Kikushi na wa lugha za Ghana sikuyapata darasani. Kila Agosti hufanyika pale kongamano la lugha za Kiafrika. Wanakuja wazee ambao ulizoea kuona majina yao kwenye vitabu tu, na wanakuuliza kwa upole swali linalobomoa sura yako ya tatu. Mambo hayo yanamjenga mtu.

Nisiwe mpiga debe wa chuo kimoja. London, pale SOAS, ndiko Malcolm Guthrie alikofanyia kazi yake ya kuzigawa lugha za Kibantu katika kanda, ile iliyokipa Kimakonde namba P23, na bado Lutz Marten anafanya sintaksia ya Kibantu huko. Ghent, Ubelgiji, wamo kina Koen Bostoen, lakini nguvu yao kubwa ni historia ya lugha na asili za maneno. Ni pazuri sana, ila mada yako si hiyo. Bayreuth, Ujerumani, wana kongamano la Kiswahili kila mwaka na nguvu kubwa katika fasihi. Na usiisahau Japani. Nobuko Yoneda wa Osaka amekaa miaka mingi na Kimatengo, huko Ruvuma, na Tokyo wapo wanaofanya lugha za Kilimanjaro. Serikali yao ina ufadhili wa kuombea ubalozini. Watu wetu wanaipita Japani kwa sababu ya lugha, nami naona wanapoteza.

Baada ya mtu, pesa. Na hapa nchi zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa. Unatangaziwa nafasi kama kazi, unapewa mkataba, aghalabu wa miaka 4, unalipwa mshahara na unakatwa kodi. Sweden na Norway ni hivyohivyo. Uzuri wake unauona mwenyewe. Ubaya ni kwamba nafasi nyingi zimefungwa kwenye mradi wa profesa. Mradi ukiwa wa vishazi rejeshi na wewe roho yako iko kwenye toni, utakuwa unaandika tasnifu ya mtu mwingine. Soma tangazo lote kabla hujafurahi. Iko njia ya pili, ya kuja na ufadhili wako ukasimamiwa bila kuajiriwa, na wengi wetu tumepita hapo.

Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya uzamivu, unalipa mchango mdogo wa kila muhula. Lakini ukienda bila ufadhili, ubalozi utataka kuona pesa za kujikimu kwenye akaunti maalumu: kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Ndiyo maana watu wanatafuta DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Angalia masharti yao kuhusu shahada ya uzamili imepatikana lini, maana hawapendi iwe ya zamani sana. Usichelewe. Tasnifu unaweza kuiandika kwa Kiingereza.

Uingereza, ada ya mgeni katika vyuo vingi inapita pauni 20,000 kwa mwaka, na juu yake kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Bila ufadhili kamili, kama ule wa Jumuiya ya Madola, usijaribu. Usikope, usiuze shamba la mikorosho. Nimeona familia ikiuza shamba kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili haukuwa na shamba la kuuza.

Mwambie shemeji kwamba wasiwasi wake una haki kabisa, na uushughulikie kabla ya kuomba. Uingereza tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi tena kuja na familia, ila wa uzamivu bado wanaruhusiwa. Kila mfadhili muulize kwa maandishi: mna posho ya mwenzi na watoto? Bima inawahusu? Nyumba za wanafunzi zinapokea watoto? Jibu lisilo wazi lihesabu kuwa ni hapana.

Na muulize swali ambalo watu hulisahau: nani analipa nauli ya kurudi uwandani? Data yako iko Newala. Utahitaji kurudi, pengine miezi sita au zaidi, na ufadhili mwingine unasimamisha posho ukitoka nje ya nchi ya chuo. Ratiba nayo iwe yako. Chuo kikikupangia uwandani Oktoba, unajua mwenyewe utakuta nini: watu wako mashambani wanaokota korosho kuanzia alfajiri, na jioni wamechoka, hakuna wa kukaa nawe akirudia sentensi moja mara nane kwa sababu wewe unataka kusikia urefu wa irabu. Barua za vibali pia zinakula muda, toka mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Msimamizi aliyewahi kufanya kazi Tanzania anayajua haya bila kuelezwa.

Sasa mwandikie huyo msimamizi kabla ya kujaza fomu yoyote. Barua pepe fupi, isizidi aya tatu. Usianze na "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii". Anza na lugha. Kitu cha namna hii:

"Nazungumza Kimakonde tangu utotoni. Kraal anaeleza kwamba kitenzi kikifungamana na neno linalofuata kinapoteza urefu wa silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mazungumzo niliyorekodi nyumbani naona kuna sentensi ambazo wazee wanafungamanisha na vijana hawafungamanishi. Nimeambatisha mifano michache na sauti zake. Je, swali hili lingekuvutia kulisimamia?"

Basi. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na sauti zinazosikika vizuri. Profesa anapata barua nyingi zenye sifa za mwombaji, na chache mno zenye sauti ya kusikiliza. Asipojibu baada ya wiki tatu mkumbushe kwa adabu, mara moja. Akijibu, omba majina ya wanafunzi wake wawili wa sasa, uwaulize wao: mnaonana naye kila baada ya muda gani, rasimu anairudisha baada ya siku ngapi, na aliyemaliza mwisho alichukua miaka mingapi. Wanafunzi watakuambia ukweli ambao tovuti haina.

Mengine ni ya haraka. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS matokeo yake hutumika miaka 2 tu, usiufanye mapema ukaja kuurudia. Mkataba wa likizo ya masomo usome kipengele cha kurudi kazini. Na kabla ya kukubali chuo chochote hakikisha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inakitambua, maana shahada utakayorudi nayo itapita kwao.

Kwa hiyo umeniuliza wapi. Kwa mada hii, kwa leo, ningeandika Leiden kwanza, SOAS pili, Osaka tatu, kwa mpangilio huo. Ukibadili mada, mpangilio unabadilika.

SWALI: Mwalimu, salaam alaykum. Mimi ni binti wa Mombasa, nina uzamili wa Kiswahili. Naambiwa uzamivu Marekani ni miaka mitano na Uingereza mitatu au minne. Nina miaka thelathini na moja. Kwenda Marekani si kupoteza umri? – B., Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Hapana, ikiwa msingi wako wa isimu una mapengo. Marekani miaka miwili ya mwanzo ni madarasa: fonolojia, sintaksia, semantiki, mbinu za uwandani, kisha mitihani, ndipo tasnifu. Uingereza unaingia na pendekezo la utafiti mkononi, unaanza kuandika. Wewe umesoma Kiswahili kwa upana, fasihi na sarufi pamoja. Kama hujawahi kuchora mti wa sentensi au kupima toni kwa kompyuta, ile miaka miwili ni mali. Kama umeshayafanya hayo, nenda kunakokutaka uandike.

Idara nyingi za Marekani hazipokei mwanafunzi wa uzamivu bila kumlipia ada na kumpa posho kwa miaka 5, na wewe utapewa kazi ya kufundisha, pengine Kiswahili chenyewe. Ichukue kwa mikono miwili. Lakini usichanganye na mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha: huo ni wa mwaka mmoja wa masomo na hautoi shahada, ingawa umewafungulia wengi mlango wa kujuana na maprofesa.

Maombi mengi hufungwa Desemba. Ada ya kuomba ni ya kila chuo, na ukiandika kwa idara mapema kuomba usamehewe, mara nyingi wanakubali. Ukipata nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mtu kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, hivyo ukishinikizwa ujibu Februari, omba kwa heshima usubiri hadi tarehe hiyo. Masharti ya viza yanabadilika mara kwa mara. Yatazame ubalozini Nairobi wiki unayoomba, usitegemee ya aliyekwenda mwaka juzi.