Hivi Simu Inanisikiliza Kweli? Barua Zenu za Mwezi Huu

Mwezi huu barua zimemiminika na karibu zote ni za simu na mitandao, za mapenzi zimekuja mbili tu nimeziweka pembeni zipoe kwanza. Nimezipunguza urefu na majina nimeyatoa kama kawaida yetu, twende.

Dada mjibu, habari za kazi. Juzi usiku mimi na mume wangu tulikuwa tumelala tunaongea zetu tu kwamba godoro limebonyea katikati, sijasachi popote, sijaandika popote, asubuhi nafungua simu tangazo la kwanza godoro, la pili godoro. Mume wangu anasema simu inatusikiliza, sa hivi tukitaka kuongea jambo tunaziweka jikoni. Tumekuwa wendawazimu au? – Mama Godoro

Mama Godoro, wendawazimu hapana, barua kama yako ninazo nyingi, mwingine ni viatu, mwingine dawa ya mende. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Marekani walichunguza apu za Android zaidi ya 17,000 kuona kama kuna inayowasha maiki kimyakimya ikapeleka sauti za watu mahali, na hawakupata ushahidi wa hilo. Ila walikuta kitu kingine, kuna apu zilikuwa zinarekodi vidio ya skrini yenyewe mtu akiitumia na kuipeleka kwa kampuni nyingine, mwenye simu hana habari.

Na hebu fikiria, kusikiliza watu mabilioni kutwa kucha ni kazi nzito, betri ingeisha mapema, bando lingeyeyuka, ungeshtuka tu. Wana njia rahisi zaidi. Sasa nikuulize na usinichukie, mume wako hajasachi kweli? Maana mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya godoro huwa hasubiri kukuche. Simu zenu zinalala nyumba moja na zinatumia waifai moja, kwa watu wa matangazo vifaa vinavyotokea waifai moja kila usiku ni familia moja, kwa hiyo alichotafuta yeye kinaweza kuletwa kwako. Halafu kuna hii ya vichwa vyetu wenyewe, yaani matangazo kibao umeyapita wiki hiyo hiyo hukumbuki hata moja, la godoro umelikumbuka kwa sababu mlishaliongea.

Vile vidakuzi unavyobonyeza "kubali" bila kusoma, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye simu yako, vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, ili tovuti iweze kukukumbuka ukirudi, vitu ulivyochagua kununua visipotee. Mambo ya kukufuata kutoka tovuti hii hadi ile wenye matangazo waliyadandia baadaye.

Ingia setingi, sehemu ya faragha, zima kitambulisho cha matangazo, ile alama ambayo watu wa matangazo wanaitambulia simu yako, na lokesheni uziruhusu apu pale tu unapozitumia. Simu kuzilaza jikoni endeleeni, usingizi utakuwa mtamu, ila mume muulize lile swali langu.

Mjibu, nyie watu wa faragha faragha nawashangaa sana. Mimi sio mwizi, sio gaidi, mke wangu ana paswedi yangu, sina cha kuficha kabisa. Wachukue hizo data wanavyotaka mradi apu ni ya bure. Mnatutisha tu. – Sina Neno

Kaka Sina Neno, hii hoja naijua vizuri, miaka ya nyuma niliisema mwenyewe kwa mdomo huu huu. Nakukubalia, wewe huna cha kuficha. Lakini namba yangu unayo.

Siku ile uliyobonyeza "ruhusu" ili apu isome majina yote kwenye simu yako, ulitoa namba yangu, ulitoa ya daktari wako, ulitoa ya yule mtu aliyekupa namba akakuomba kabisa usimpe mtu, na ukatoa na jinsi ulivyotusevu, nani ni "fundi", nani ni "mdeni", nani ni "usipokee". Sisi hatukuulizwa, na hatuna hata pa kwenda kukataa maana mkataba ni wako na apu. Ndo maana haya mambo ya "data yangu, uamuzi wangu" mimi yananipa shida kidogo, sio kwamba ni uongo, ila data ya kwako peke yako ni chache mno, karibu kila kitu kilichomo humo kwenye simu una mwenzako ndani yake, chati ina watu wawili, picha ina watu watano, grupu ndo usiseme.

Mfano unaujua ila pengine hukuutazama upande huu. Sakata la Cambridge Analytica lililolipuka mwaka 2018, ile kampuni ya mambo ya siasa iliyotumia taarifa za watu wa Facebook bila wao kujua. Waliojaza lile jaribio la kupima tabia kwenye Facebook walikuwa watu kama 270,000 hivi, yaani hao ndo waliobonyeza wakakubali. Facebook yenyewe baadaye ikasema waliochukuliwa taarifa wanaweza kufika milioni 87. Hao mamilioni wengine kosa lao ni kuwa na rafiki aliyependa kujua tabia yake. Mwaka uliofuata Facebook ikapigwa faini ya dola bilioni 5 Marekani, hela nyingi sana, ila waliobebwa bila kuulizwa hawakurudishiwa taarifa zao mfukoni.

Nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Mwaka huo huo 2018 polisi wa California walimkamata mtu aliyetafutwa kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 70 na 80, naye mwenyewe aliwahi kuwa polisi. Walichukua vinasaba vilivyobaki kwenye matukio wakaviingiza kwenye tovuti ya watu wanaotafuta ukoo wao, wakapata ndugu wa mbali sana, wakajenga mti wa ukoo tawi kwa tawi mpaka wakamfikia. Mhalifu kama yule kukamatwa ni jambo jema na sina ugomvi nalo hata kidogo. Ninachotaka uone ni njia tu, vinasaba vyake kwenye ile tovuti hakupeleka yeye, ndugu ambao huenda hajawahi hata kukutana nao walitosha. Sasa wewe ukipeleka mate yako yapimwe vinasaba kwa raha zako kujua asili yako, umepeleka na ya kaka zako na ya wajukuu ambao hawajazaliwa.

Na usiniambie majina wanayaondoa kwenye hizo data. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ilimwaga hadharani yale waliyoyasachi watu kama 650,000, kila mtu amepewa namba badala ya jina, haikuchukua siku nyingi waandishi wa habari wakamfikia mwanamke mmoja hadi mlangoni kwake kwa kusoma tu alichokuwa anatafuta. Kwa hiyo kaka yangu endelea kutokuwa na cha kuficha, hilo ni lako, ila kwenye kile kitufe cha majina ya simu bonyeza "kataa", nifanyie mimi.

Naomba ushauri wa haraka. Mama mkwe wangu anaposti picha za mtoto wangu kila siku, akioga, akilia, akiwa na yunifomu ya shule jina la shule linasomeka. Ni mama mzuri ananipenda, sijui nitamwambiaje bila kuonekana namringia. – Mke wa Mwanawe

Pole mwanangu. Kwanza anayemwambia ni mwanawe, sio wewe, hilo halina mjadala. Pili asianze na "acha", aanze na ile ya yunifomu, maana mama yeyote akielezwa kwamba mtu asiyemjua anaweza kujua mjukuu yuko wapi saa ngapi ataelewa palepale bila mtu kukosewa heshima. Za kuoga zifutwe leo hii. Hapo sishauri, naagiza.

Na kuna la ziada ambalo bibi wengi hawalijui, hata sisi tusio bibi. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa vipimo kabisa. Mwaka 2012 yule tajiri wa programu za kuzuia virusi, John McAfee, alikuwa amejificha anatafutwa, jarida moja likaweka picha yake mtandaoni kwa mbwembwe, kumbe picha imebeba lokesheni, dunia nzima ikajua yuko Guatemala. Mitandao mikubwa huwa inaiondoa hiyo kabla watu hawajaiona picha, ila ukiituma kwa barua pepe au kama dokumenti inasafiri nayo. Zimeni lokesheni kwenye kamera, yake na yenu. Halafu mfungulieni grupu ya familia tu apostie humo mpaka achoke, hamu yake ni kuonyesha mjukuu, mpeni pa kuonyeshea.

Mdogo wangu alinipigia analia anaomba nimtumie hela haraka, namba ngeni ila sauti ni yake kabisa mpaka kukohoa. Nikatuma. Kumbe yeye alikuwa darasani hajui lolote. Najiona mjinga. – Niliyetapeliwa

Usijione mjinga. Mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong, mtu wa fedha aliyezoea kazi yake, aliingia kwenye kikao cha vidio akawaona wakubwa wake kwa sura na kuwasikia kwa sauti, wote walikuwa wa kutengenezwa na akili mnemba, akatuma kama dola milioni 25. Wewe ulisikia sauti tu, tena ya ndugu yako analia.

Siku hizi kuiga sauti hakuhitaji saa nzima ya kurekodi, kipande kifupi kinatosha, na kipande hicho mara nyingi tumekiweka wenyewe hadharani kwenye vidio za sherehe. Simsemi mdogo wako, huenda hata hakuiposti yeye, huenda ni rafiki yake. Cha kufanya ni cha kizamani kabisa, kata simu, mpigie kwenye namba uliyonayo siku zote, asipopokea mpigie anayekaa naye. Na muwe na neno lenu la siri kwenye familia, liwe la ajabu ajabu, na lisiandikwe kwenye grupu tafadhali maana nawajua. Hiyo hela ripoti polisi na kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo, ikichelewa ndo imekwenda.

Hamjambo vijana. Nina miaka 71, natumia simu ya batani, wajukuu wananicheka wanasema nimeachwa na maendeleo. Mimi naona nimewazidi, hakuna anayenifuatilia. Nani yuko sahihi? – Babu wa Batani

Shikamoo babu. Kwenye kutofuatiliwa na matangazo umewazidi kweli, ila simu yako ikiwa imewashwa inaongea na minara muda wote, kwa hiyo kampuni ya simu inajua uko maeneo gani hata bila intaneti. Na namba yako babu, samahani kukuharibia siku, imo kwenye simu za hao hao wajukuu wanaokucheka, na picha yako pengine pia.

Kuhusu kuachwa, mwaka 1890 mawakili wawili wa Boston, Warren na Brandeis, waliandika makala ndefu ya kulalamika, kamera ndogo za kubeba mkononi zilikuwa zimeanza kuenea, Kodak ilikuwa imetoa ya kwake miaka 2 tu kabla, na magazeti ya umbea yamechangamka. Walidai mtu ana haki ya kuachwa kwa amani yake. Bila shaka wapo waliowaona wazee wa kale wanaoogopa kamera, ila makala yao ndo chanzo cha sheria nyingi za faragha ambazo hao wajukuu wako wanazitegemea leo. Kwa hiyo lalamika babu, lalamika kwa sauti, ila simu mpya ikija na herufi kubwa ichukue, macho nayo yana haki.

Mjibu unajifanya unajua sana, wewe mwenyewe hujawahi kuvujisha ya mtu? – Nakusubiri

Nimewahi. Tulikuwa na grupu ya watu wachache, rafiki yangu akaandika jambo kuhusu ndoa yake, jambo zito, aliliandika kwa sababu aliamini ni sisi tu. Nikapiga skrinishoti nikamtumia dada yangu, sio kwa ubaya, nilitaka ushauri jinsi ya kumsaidia, angalau ndivyo nilivyojiambia. WhatsApp imefunga meseji kwa usimbaji tangu 2016, yaani inazigeuza fumbo linalofunguka kwenye simu za wanaoandikiana tu, njiani hawezi kuzisoma mtu hata kampuni yenyewe, na hilo nimelisifia kwenye safu hii mara ngapi sijui. Ufunguo ulikuwa kwangu. Dada akamfowadia mtu mmoja, huyo mmoja akafowadi, siku ya nne ikamfikia mwenyewe, na juu ya skrinishoti chaji ya simu yangu inaonekana asilimia 9 na ile alama ya kengele ya saa sita usiku ninayoiweka mimi tu. Nilifuta kwangu, dada akafuta kwake. Rafiki yangu hakuniandikia kitu chochote, alijitoa kwenye grupu, na namba yake bado ninayo.